Somo la Mrututu na Chokaa: Jinsi ya Kuandika na Kusawazisha Hesabu ya Mashapo

Mkulima, somo la mwezi huu ni la kemia. Usigeuze ukurasa ukidhani kwamba ni mambo ya wanafunzi wa sekondari tu. Kemia ni elimu ya vitu na jinsi vinavyogeuka vinapokutana, na wewe unaifanya kila msimu. Ukichanganya mrututu na chokaa ili kunyunyizia viazi au kahawa, unafanya kemia. Ukitia mbolea ya DAP katika udongo wetu mwekundu, unafanya kemia. Tofauti ni hii: aliyejifunza kuandika hesabu yake hujua kitakachotokea kabla hajamimina kitu ndooni. Asiyejua hungoja aone majani yameungua.

Soma polepole, ukiwa na kalamu na karatasi. Kama una mtoto aliye shuleni, mwite akae karibu nawe, msome pamoja.

MASHAPO NI NINI?

Chukua maji mawili yaliyo safi, kila moja limeyeyusha kitu chake. Yachanganye. Mara nyingine hakuna linaloonekana. Lakini mara nyingine maji hugeuka mazito, na ukiyaacha yatulie utaona ungaunga umetua chini. Ungaunga huo haukuwamo katika maji ya kwanza wala ya pili. Umezaliwa pale yalipokutana. Huo ndio tunaouita mashapo.

Sababu yake ni kwamba vitu vilivyomo ndani ya maji hubadilishana wenzi. Ikiwa wenzi wapya wanaokutana ni wa aina isiyokubali kuyeyuka, basi hushikana na kutua chini. Kuandika jambo hilo kwa herufi na tarakimu ndiko kuandika mlinganyo. Kuhakikisha kwamba kilichoingia ndicho kilichotoka, bila kuzidi wala kupungua, ndiko kuusawazisha.

DAWA YA ZAMANI ILIYO NA MAFUNZO MENGI

Mfano wetu mkubwa ni dawa ya mrututu na chokaa. Mrututu ni yale mawe madogo ya rangi ya buluu, na jina lake la kemia ni salfeti ya shaba. Dawa hii huitwa kwa jina la mji wa Bordeaux, Ufaransa. Karibu na mji huo wenye mashamba ya zabibu walikuwa wakinyunyizia mizabibu iliyo kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili wapita njia waione rangi yake mbaya na waache kuiba matunda. Mtaalamu mmoja, Pierre-Marie-Alexis Millardet, aliona kwamba mizabibu hiyo haikushikwa na ukungu kama mingine. Akaifanyia majaribio, na mwaka 1885 akatangaza habari zake.

Huku kwetu, wakulima Waafrika wa Kisii walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuruhusiwa kupanda kahawa nchini Kenya, pamoja na wa Meru na Embu, katika miaka ya 1930. Kahawa ilikuwa tayari na adui. Ugonjwa wa matunda, ambao wakulima huuita CBD, ulitambuliwa nchini Kenya mwaka 1922. Dawa za shaba zimekuwa mojawapo ya silaha za kuupinga. Leo mwenye aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian, iliyotolewa mwaka 2010, ana kahawa yenye nguvu ya kuukataa ugonjwa huo. Lakini miti ya zamani ingali mingi, na wewe wa skimu za Borabu, hata kama huna kahawa, una viazi na nyanya ambazo ukungu huzipenda sana wakati wa mvua na baridi.

Kumbuka: dawa ya shaba ni kinga, si tiba. Hutangulia ugonjwa. Jani lililokwisha oza halifufuki.

HERUFI NA MIKONO

Kila kitu cha asili kina herufi zake. Shaba ni Cu, kalsiamu iliyomo katika chokaa ni Ca, salfa ni S, oksijeni ni O, hidrojeni ni H, naitrojeni ni N, fosforasi ni P. Vingine hutembea kwa kundi, havitengani ovyo. Salfa moja na oksijeni 4 hutembea pamoja kama SO₄, nalo ni kundi la salfeti. Oksijeni na hidrojeni hutembea kama OH, nalo ni kundi la hidroksidi.

Fikiri kwamba kila kimoja kina mikono. Vingine vina mikono ya kutoa, vingine vina mikono ya kupokea. Mkono wa kutoa hushikana na mkono wa kupokea, na hakuna mkono unaobaki mtupu.

Wenye mikono ya kutoa: shaba (Cu) 2; kalsiamu (Ca) 2; alumini (Al) 3; kundi la amonia (NH₄) 1.

Wenye mikono ya kupokea: salfeti (SO₄) 2, hidroksidi (OH) 1, naitreti (NO₃) 1, kaboneti (CO₃) 2, fosfeti (PO₄) 3.

Katika vitabu vya shule mikono ya kutoa huandikwa kwa alama ya kujumlisha, kama Cu²⁺, na ya kupokea kwa alama ya kutoa, kama OH⁻. Maana ni ile ile.

Sasa tazama. Shaba ina mikono 2 na salfeti ina mikono 2, basi moja kwa moja hutoshana: CuSO₄. Lakini kalsiamu ina 2 na hidroksidi ina 1 tu. Kalsiamu moja yahitaji hidroksidi mbili: Ca(OH)₂. Hiyo ndiyo chokaa iliyozimwa kwa maji.

HATUA TANO ZA KUANDIKA

Hatua ya 1. Andika vinavyoingia, mkono wa kushoto wa mshale:
CuSO₄ + Ca(OH)₂ →

Hatua ya 2. Badilisha wenzi. Shaba inaacha salfeti na kushikana na hidroksidi. Kalsiamu inaacha hidroksidi na kushikana na salfeti.

Hatua ya 3. Hesabu mikono ya wenzi wapya. Shaba ina 2, hidroksidi ina 1, kwa hiyo ni Cu(OH)₂. Kalsiamu ina 2, salfeti ina 2, kwa hiyo ni CaSO₄.

Hatua ya 4. Uliza: ni yupi asiyeyeyuka? Shika kanuni hizi chache. Vitu vya naitreti vyote huyeyuka. Vitu vya sodiamu, potasiamu na amonia karibu vyote huyeyuka. Salfeti nyingi huyeyuka, ila ya kalsiamu huyeyuka kidogo tu. Hidroksidi, kaboneti na fosfeti nyingi haziyeyuki, isipokuwa zikiwa na sodiamu, potasiamu au amonia. Basi Cu(OH)₂, hidroksidi ya shaba, ndiyo mashapo yetu. Weka mshale wa kushuka mbele yake:
CuSO₄ + Ca(OH)₂ → Cu(OH)₂↓ + CaSO₄

Hatua ya 5. Sawazisha. Kushoto shaba 1, kulia 1. Salfeti 1 na 1. Kalsiamu 1 na 1. Hidroksidi 2 na 2. Mizani imesimama.

Ile CaSO₄ ni jasi. Sehemu yake nayo hutua pamoja na shaba, lakini haina madhara kwa jani.

Mkulima mwenye daftari la kituo cha kununua chai anaijua kazi hii ya tano. Kilo zilizopimwa na kilo zilizoandikwa sharti zilingane. Zisipolingana, hakuna kilo iliyoruka mbinguni: mtu amekosea hesabu.

KWA NINI MASHAPO NDIYO DAWA?

Mrututu ulioyeyuka peke yake katika maji ni mkali. Hupenya jani na kuliunguza. Lakini shaba ikiwa mashapo hukaa juu ya jani kama rangi juu ya ukuta. Hutoa nguvu yake kidogo kidogo, ikaua mbegu za ukungu zinapoanza kuota, na mvua yetu ya Kisii na Nyamira isiyochoka kunyesha haiiondoi upesi. Kwa hiyo shaba yote uliyotia sharti iwe mashapo. Ikibaki nyingine imeyeyuka, unanyunyizia moto.

HESABU YA GRAMU

Hapa ndipo mlinganyo unapokuokolea pesa. Kila kitu kina uzito wake. Kwa tarakimu za karibu: H ni 1, O ni 16, S ni 32, Ca ni 40, Cu ni 64.

Mawe ya mrututu yana maji ndani yake, sehemu 5 za maji kwa kila CuSO₄ moja. Kwa hiyo uzito wake ni 64 + 32 + (4 × 16) + (5 × 18) = 250.

Chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂, ni 40 + 2 × (16 + 1) = 74.

Mlinganyo unasema moja kwa moja. Maana yake, gramu 250 za mrututu zahitaji gramu 74 za chokaa safi. Kwa bomba la mgongoni la lita 20, kipimo cha kawaida ni gramu 200 za mrututu. Chokaa inayohitajiwa ni 200 × 74 ÷ 250, yaani karibu gramu 60.

Sasa utauliza: kwa nini tunaambiwa tutie chokaa gramu 200 vilevile, uzito sawa na mrututu? Ni kwa sababu zile 60 ni za chokaa safi kabisa, nayo chokaa ya duka mara nyingi si safi. Ukipima 60 na nusu yake imeharibika, umetia 30 tu, na nusu ya shaba imebaki imeyeyuka ikingoja kuunguza viazi vyako. Ukipima 200 na nusu yake imeharibika, umebaki na 100, na bado zinatosha. Ziada ile ni akiba ya usalama. Usiizidishe tena, maana chokaa nyingi mno huziba mdomo wa bomba.

CHOKAA IPI?

Hapa wengi hupotea, basi sikiliza kwa makini. Chokaa ni jina moja la vitu vitatu.

Kwanza ni jiwe la chokaa, CaCO₃, kama lile linalochimbwa Koru katika Kaunti ya Kisumu. Likisagwa tu huwa chokaa ya shambani ya kupunguza uchachu wa udongo. Hii haifai kwa dawa yetu. Haina hidroksidi, wala haiyeyuki vizuri.

Pili ni jiwe hilo likichomwa kwa moto mkali: CaCO₃ → CaO + CO₂. Hii ni chokaa ya moto.

Tatu ni chokaa ya moto ikitiwa maji: CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Hii ni chokaa iliyozimwa, ndiyo ile nyeupe ya kupakia nyumba. Hiyo ndiyo tunayoitaka.

Lakini ukiiacha chokaa iliyozimwa wazi ghalani, huvuta hewa na kurudi kuwa jiwe:
Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃↓ + H₂O

Ili uone kwa macho, koroga kijiko cha chokaa nzuri katika glasi ya maji, iache itue, kisha umimine maji yaliyo safi juu katika glasi nyingine. Puliza pumzi yako ndani yake kwa mrija. Usivute, maana maji hayo huunguza kinywa. Yatageuka meupe kama maziwa. Hayo ni mashapo ya CaCO₃, na ndivyo gunia lako lililo wazi linavyoharibika siku kwa siku. Nunua chokaa mpya, funga mdomo wa mfuko, weka pakavu.

JINSI YA KUCHANGANYA

1. Tumia ndoo za plastiki au pipa la mbao. Usitumie debe la bati wala pipa la chuma. Shaba iliyoyeyuka hula chuma: Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu.
2. Funga gramu 200 za mrututu katika kitambaa, uning'inize juu ya maji lita 10, kitambaa kikiwa kimezama. Acha usiku kucha.
3. Asubuhi koroga gramu 200 za chokaa iliyozimwa katika lita 10 za maji, katika ndoo ya pili inayoweza kubeba lita 20 au zaidi. Chuja kwa kitambaa.
4. Mimina maji ya mrututu polepole ndani ya maji ya chokaa, huku mwenzako akikoroga. Rangi itakuwa buluu kama anga, na mashapo yatakuwa laini.
5. Pima kwa msumari. Sugua msumari mpaka ung'ae, uchovye dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, dawa haijakamilika. Ongeza chokaa kidogo, koroga, upime tena. Ukitoka mweupe vilevile, dawa iko tayari.
6. Nyunyizia siku hiyo hiyo. Dawa iliyolala hutua na kushikana kwa mabonge.

Vaa mipira ya mikono, viatu vya shamba na kitu cha kukinga macho. Mrututu ni sumu ukimezwa. Usiuoshee bomba mtoni, kwa maana shaba huua samaki. Kama wataka dawa iliyokwisha tengenezwa, duka la pembejeo lina unga wa shaba, na mwingine ni hidroksidi ya shaba yenyewe, mashapo yale yale uliyojifunza kuyaandika. Chagua yenye nambari ya usajili wa serikali, na ufuate maandishi ya pakiti.

HESABU YA PILI: USIVICHANGANYE CHOKAA NA DAP

Mlinganyo wa kwanza ulisimama wenyewe. Huu wa pili unahitaji kusawazishwa, nao unahusu mfuko wako wa mbolea.

Udongo wetu mwekundu una chuma na alumini nyingi, na mahali pengi umechacha. Kwa hiyo mkulima hutia chokaa, na hutia DAP wakati wa kupanda mahindi. Vyote viwili ni vyema. Lakini kuna wanaovikoroga pamoja katika karai moja ili kuokoa safari ya shamba. Tuandike kitakachotokea chokaa iliyozimwa ikikutana na DAP penye unyevu.

DAP ni (NH₄)₂HPO₄. Fosfeti yake imekwisha shikwa na hidrojeni moja, ndiyo maana imebakiwa na mikono 2 ya kushika amonia mbili. Kalsiamu yenye mikono 2 ikikutana na fosfeti yenye mikono 3, hawatoshani mpaka kalsiamu ziwe 3 na fosfeti ziwe 2, mikono 6 kila upande: Ca₃(PO₄)₂. Hayo ni mashapo. Amonia nayo hutoka kama hewa, NH₃, na maji hubaki:
Ca(OH)₂ + (NH₄)₂HPO₄ → Ca₃(PO₄)₂↓ + NH₃ + H₂O

Mizani haijasimama. Sasa shika sheria kubwa: usiguse kamwe tarakimu ndogo za chini. Ng'ombe ana miguu 4. Ukitaka hesabu ya miguu iwe 12, huongezi miguu kwa ng'ombe mmoja. Unaongeza ng'ombe wawe 3. Vivyo hivyo tunaweka tarakimu kubwa mbele.

Kalsiamu kulia ni 3, basi weka 3 mbele ya Ca(OH)₂. Fosforasi kulia ni 2, basi weka 2 mbele ya DAP. Naitrojeni kushoto sasa ni 4, basi weka 4 mbele ya NH₃. Hidrojeni kushoto ni 6 na 18, jumla 24. Kulia amonia zimechukua 12, zimebaki 12, nazo hutosha maji 6:
3Ca(OH)₂ + 2(NH₄)₂HPO₄ → Ca₃(PO₄)₂↓ + 4NH₃ + 6H₂O

Hakikisha kwa oksijeni: kushoto 6 na 8 ni 14, kulia 8 na 6 ni 14. Mizani imesimama.

Sasa usome kama barua. NH₃ ni ile harufu kali inayochoma pua. Hiyo ni naitrojeni uliyoinunua, inapanda hewani. Ca₃(PO₄)₂ ni fosfeti uliyoinunua, imegeuka mashapo yasiyoyeyuka, na mzizi wa mhindi hauwezi kuyanywa. Umelipa mfuko mzima, umepata nusu ya faida au chini yake.

Dawa yake ni nyepesi. Tia chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda, uilime iingie udongoni. Siku ya kupanda ndipo utie DAP shimoni, pamoja na samadi iliyooza. Na kabla ya yote mwombe Bwana Shamba au Bibi Shamba akuelekeze jinsi ya kupima udongo, ujue kama chokaa yahitajiwa na ni kiasi gani.

MAZOEZI

1. Mkulima wa nyanya ametia katika tangi moja mbolea ya naitreti ya kalsiamu, Ca(NO₃)₂, na salfeti ya amonia, (NH₄)₂SO₄. Mirija ya matone imeziba. Andika mlinganyo na uonyeshe kilichoiziba.
2. Katika udongo uliochacha alumini iliyoyeyuka hukutana na fosfeti. Andika mashapo yake. Kwa nini hapahitajiwi tarakimu ya mbele?
3. Una gramu 50 za mrututu. Chokaa safi isiyo na ziada ni gramu ngapi?
4. Kwa waliokolea: wataalamu wameona kwamba mara nyingi shaba hutua ikiwa bado imeshika salfeti kidogo, kama CuSO₄·3Cu(OH)₂. Sawazisha: CuSO₄ + Ca(OH)₂ → CuSO₄·3Cu(OH)₂↓ + CaSO₄.

MAJIBU

1. Ca(NO₃)₂ + (NH₄)₂SO₄ → CaSO₄↓ + 2NH₄NO₃. Kilichoziba mirija ni jasi. Kila mbolea iwe na tangi lake.
2. Al³⁺ + PO₄³⁻ → AlPO₄↓. Alumini ina mikono 3 na fosfeti ina mikono 3, basi moja kwa moja hutoshana. Ndiyo sababu DAP huwekwa karibu na mbegu, haimwagwi shamba zima.
3. 50 × 74 ÷ 250, karibu gramu 15.
4. 4CuSO₄ + 3Ca(OH)₂ → CuSO₄·3Cu(OH)₂↓ + 3CaSO₄. Shaba 4 na 4; salfeti 4 na 4; kalsiamu 3 na 3; hidroksidi 6 na 6.

Kata ukurasa huu uubandike mlangoni mwa ghala, juu ya mfuko wa chokaa. Msimu ukifika, andika hesabu kwanza, ndipo ushike ndoo.